Kinachofanya Kazi Usikiguse?

Kuna msemo mmoja ambao nimeusikia katika ofisi nyingi za Ngara na Biharamulo, na kila niusikiapo damu hunichemka. Msemo wenyewe ni huu: "Kinachofanya kazi usikiguse." Husemwa na watu wazima wenye akili zao timamu, tena kwa sauti ya busara, kana kwamba ni neno tuliloachiwa na wahenga. Wahenga hawakusema hivyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kurasa hizi nataka kuwapinga wasemao usiguse, wala sitawapinga kwa nadharia. Nitawapinga kwa kisa kilichonipata mwenyewe, kisa ambacho ndani yake nami nina hatia.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunza kompyuta wa chama kimoja cha kuweka na kukopa chenye ofisi Ngara mjini na tawi Biharamulo. Jina lake sitalitaja. Wanachama wake wengi ni wakulima wa kahawa, ndizi na maharage, pamoja na walimu wachache na akina mama wauzao sokoni. Mwaka 2016 mradi mmoja wa wafadhili ulitufungia mfumo wa kompyuta wa kuandika hisa, akiba na mikopo. Siku ya kuuzindua tulikata utepe, tukapiga picha, tukala pilau. Makarani wakaambiwa kwamba zama za daftari zimekwisha.

Mfumo ule ulikaa katika seva pepe. Msomaji usiyezijua habari hizi, usiogope neno. Seva ni kompyuta inayozitumikia kompyuta nyingine. Seva pepe ni kama chumba cha kupanga. Mwenye nyumba ana mashine moja kubwa, ameigawa vyumba kwa kutumia programu, na kila mpangaji ana mlango wake na ufunguo wake. Chumba chetu kilikuwa Ulaya. Ndani yake kulifungwa CentOS 7, aina ya Linux isiyouzwa, toleo lililotoka mwaka 2014. Na Linux hukusanywa kwa vifurushi, simaanishi vile vya dakika na megabaiti. Kila programu ni kifurushi, na kila kifurushi hutegemea vifurushi vingine. Vyote huletwa kutoka katika maghala yaliyoko kwenye intaneti, ambako wataalamu huweka matoleo mapya kila wanapogundua kasoro. Kazi ya mtunza seva ni kwenda ghalani mara kwa mara, kuleta vilivyorekebishwa, na kuhakikisha kwamba kipya hakigombani na cha zamani. Ni kazi ya kila mwezi, kama kupalilia. Haina utepe wala pilau.

Mradi ulikwisha mwaka 2019. Kijana aliyeutengeneza mfumo akaenda Mwanza kutafuta maisha, nami nikabakiziwa kipande cha karatasi chenye maneno ya siri. Bajeti ya chama ilikuwa na fungu la karatasi, fungu la chai ya wageni, na fungu la mafuta ya pikipiki. Fungu la kutunza mfumo halikuwapo. Nilipouliza, nikajibiwa msemo ule. Kwa kuwa nami nilikuwa na shamba langu na watoto wangu, nikanyamaza. Hiyo ndiyo hatia yangu ya kwanza.

Onyo lilikuja mapema. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja kikuu cha usalama, kilichokuwa kikidhamini tovuti nyingi mno duniani, kiliisha muda wake. Kompyuta zilizokuwa zikisasishwa zilikuwa tayari na cheti kingine cha kuegemea. Yetu haikuwa nacho. Tangu siku hiyo ujumbe wa simu wa kuwakumbusha wanachama tarehe za marejesho haukutoka tena, kwa sababu seva yetu ilikataa kuiamini seva ya kampuni iliyokuwa ikitupelekea ujumbe huo. Kwa majuma mawili niliwalaumu watu wa kampuni ile, nikailaumu mitandao ya simu, nikalaumu hata mvua. Kumbe dawa ilikuwa kifurushi kimoja tu, kile cha vyeti. Nikakileta, ujumbe ukatoka, nami nikaufunga mlango nikaenda zangu. Badala ya kujiuliza ni vingapi vingine vilivyochakaa humo ndani, nilifurahi kwamba kelele zimekwisha. Hiyo ni hatia ya pili.

Tena hatukuwa na udhuru wa kutojua. Kampuni ya Red Hat ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa na mamlaka juu ya CentOS, ilitangaza tarehe 8 Desemba 2020 kwamba CentOS 8, iliyotarajiwa kuhudumiwa hadi mwaka 2029, ingekoma mwisho wa mwaka 2021. CentOS 7 yetu iliachiwa tarehe yake ya zamani, yaani 30 Juni 2024. Watu duniani walikasirika, na kutokana na hasira hiyo mwaka 2021 zikazaliwa AlmaLinux na Rocky Linux kuchukua nafasi yake. Sisi tulikuwa na miaka mitatu na nusu ya kujiandaa. Uamuzi uliofanywa ng'ambo ya bahari ulikuwa unaelekea Ngara kwa mwendo wa polepole kabisa, kwa tarehe iliyoandikwa, nasi tukakaa kuungoja kama watu wangojao basi.

Juni 30 ikapita. Mwezi Agosti nilitaka kuongeza kifurushi kidogo, seva ikanijibu kwamba jina la ghala halipatikani. Nikadhani intaneti imekatika. Nikazima modemu nikaiwasha, nikabadilisha laini, nikapanda mlimani na simu yangu. Siku mbili zikapotea hivyo. Ningetumia dakika tano kujaribu jina jingine lolote kutoka ndani ya seva ile ile, ningegundua kwamba intaneti ni nzima. Lililokufa ni jina lile moja. CentOS 7 ilipofikia mwisho, anwani iliyokuwa ikielekeza seva kwenye maghala ilizimwa. Vifurushi vyenyewe vilihamishiwa ghala la kumbukumbu, nami nilipobadilisha anwani katika mafaili ya mipangilio vikaja vyote. Lakini msomaji usidanganyike kwa ushindi huo. Ghala la kumbukumbu ni makaburi. Utasoma majina yote, bali hutakuta mtoto aliyezaliwa jana. Kasoro itakayogunduliwa kesho haina dawa pale. Hapakuwa na njia ila kuhama.

Tukapanga chumba kingine ili tuweke AlmaLinux 9. Ikagoma kuwaka. Toleo hilo linadai prosesa yenye uwezo fulani ambao prosesa za miaka mingi iliyopita hazikuwa nao, na mpangaji wa seva pepe haioni prosesa yenyewe, huiona ile tu ambayo mwenye nyumba ameamua kumwonyesha. Wetu alikuwa akiwaonyesha wapangaji sura ya kizee. Tukarudi kwenye AlmaLinux 8, itakayohudumiwa hadi mwaka 2029. Ikawaka. Tukaweka programu ya chama, tukafungua ukurasa, ukaja mweupe kama sanda.

Ukurasa mweupe huwatisha watu, na wengi hapo ndipo huanza kufuta na kufunga upya kwa kubahatisha. Nasema ni kosa. Seva haifi bila kuacha wosia; sababu huandikwa katika faili la kumbukumbu, na yatosha kulisoma. Nililisoma. Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya PHP, tena kwa kutumia amri za kizamani za kuzungumza na hazinadata. Amri hizo ziliondolewa kabisa katika PHP 7, iliyotoka Desemba 2015. Hebu zitazame tarehe hizo, msomaji. Mfumo tuliokatiwa utepe mwaka 2016 ulikuwa umejengwa kwa vifaa ambavyo toleo jipya la lugha yake lilikuwa limekwisha kuvitupa. Mtoto alizaliwa na mvi, nasi tukamsifu kwa ujana wake.

Kwa usiku kadhaa nilizibadilisha amri zile moja baada ya nyingine. Ukurasa ukarudi. Nikajaribu kuingiza rejesho kwa jina langu mwenyewe, likaingia. Nikajaribu kwa jina la meneja, likaingia. Nikatangaza kwamba tumevuka salama. Hiyo ndiyo hatia ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote.

Siku ya kumi na moja simu ikalia kutoka Biharamulo. Karani alikuwa na bibi mmoja dirishani, aliyekuja kuomba mkopo wa mbegu za maharage, maana ilikuwa Septemba na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Mfumo ulisema kwamba bibi hajalipa rejesho lake la mwisho, kwa hiyo hastahili. Bibi alikuwa ameshika risiti mkononi. Niliomba nizungumze naye. Nikamwamkia, nikamwuliza namba yake ya simu ili nimtafute katika orodha.

"Sina simu, mjukuu wangu," akasema. "Kwani deni langu hulipwa na simu?"

Nilicheka. Baada ya kukata simu nikaacha kucheka, kwa sababu bibi alikuwa ameutaja ugonjwa wenyewe bila kujua. Katika fomu ya marejesho palikuwa na nafasi ya namba ya simu. Asiye na simu, karani aliiacha wazi. Hazinadata yetu ya zamani, MariaDB 5.5, ilipokuta nafasi wazi mahali pa namba iliandika sufuri na kuendelea. MariaDB ya toleo jipya ni kali zaidi kwa desturi yake: mahali panapotakiwa namba ukileta utupu, huikataa safu nzima, pamoja na jina, tarehe na fedha. Na programu yetu, kwa uvivu wa aliyeiandika, haikuwa ikiuliza kama rejesho limepokelewa. Ilituma tu, kisha ikachapisha risiti.

Elewa maana yake. Kwa siku kumi na moja kila mwanachama mwenye simu aliandikwa, na kila asiye na simu alichukuliwa fedha, akapewa karatasi, na jina lake likatupwa. Walikuwa wanachama thelathini na mmoja. Wote walikuwa wazee, au wakazi wa vijiji vya mbali, au wajane. Mimi nilipojaribu mfumo nilijaribu kwa majina ya watu wenye simu, kwa kuwa ndio watu ninaowajua. Hivi ndivyo uzembe unavyofanya kazi siku zote: hausambazi hasara kwa usawa. Huitafuta nyumba ya mwisho kijijini, ukaingia humo.

Nilipanda gari kwenda Biharamulo. Barabara hiyo hupita Benaco, mahali palipopata jina la kampuni iliyojenga barabara, na ambapo dunia nzima ilipafahamu Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo katika muda wa saa kama 24. Kisha hukata kuelekea Lusahunga. Wanaoijua njia hiyo wanajua malori ya kwenda Rwanda na Burundi yalivyoitafuna lami yake, na jinsi shimo la ukubwa wa sahani linavyogeuka kuwa la ukubwa wa beseni kabla ya masika kwisha. Hakuna dereva aliyewahi kuniambia kwamba barabara inayopitika isiguswe. Dereva anajua kwamba shimo dogo huzibwa kwa toroli moja, na shimo kubwa huvunja springi na kuua watu. Maarifa hayo tunayo. Tunayaacha nje ya mlango tunapoingia chumba cha kompyuta.

Kilichotuokoa hakikuwa ujuzi wangu. Karani yule wa Biharamulo, mama wa makamo, aliambiwa mwaka 2016 aache karatasi. Hakuacha. Kwa miaka minane alikuwa akiandika kila rejesho katika kitabu chenye kaboni, na nakala akiziweka kabatini. Wakubwa walimcheka kwa ushamba. Tuliketi naye mchana kutwa, yeye akisoma, mimi nikiandika, mpaka wote thelathini na mmoja wakarudi katika vitabu. Nilirekebisha fomu ikubali asiye na simu, nikailazimisha programu isichapishe risiti kabla hazinadata haijasema imepokea. Marekebisho yote mawili hayakufika hata mistari ishirini.

Sasa nawasikia wapinzani wangu wakishangilia. "Umeona? Ungeuacha mfumo wa zamani, bibi asingepotea. Wewe ndiwe uliyegusa!" Hoja hii ina nguvu ya juu juu, na sitaikimbia. Ni kweli kwamba kusasisha huweza kuleta maafa. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5, na ndege zikalala viwanjani. Lakini kumbukeni pia tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga kompyuta za hospitali nchini Uingereza hadi wagonjwa wakarudishwa. Dawa ya mwanya ule Microsoft ilikuwa imekwisha kuitoa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameiweka. Kwa hiyo kugusa kuna hatari, na kutogusa kuna hatari. Tofauti ni kwamba agusaye huchagua siku, huweka nakala ya akiba, hujaribu pembeni kwanza, na huweza kurudi nyuma. Asiyegusa huchaguliwa siku na mwizi, au na tarehe ya mwisho.

Na kasoro iliyompoteza bibi haikuzaliwa Septemba 2024. Ilizaliwa mwaka 2016, siku programu ilipoandikwa bila kuuliza kama fedha zimepokelewa. Mfumo wa zamani uliificha tu kwa kuandika sufuri. Tena ilitudhuru vile kwa sababu tuliruka miaka minane kwa hatua moja. Laiti tungepanda ngazi moja kila mwaka, tungekutana na tatizo moja kila mwaka: mwaka huu vyeti, mwaka ujao PHP, mwaka unaofuata hazinadata. Tuliyalimbikiza yote yakatuangukia pamoja, kisha tunamlaumu aliyeshika jembe.

Lipo kundi la pili, nalo lina suti nzuri zaidi. Hili husema: "Achaneni na makweche, nunueni mfumo mpya." Nawauliza, huo mpya utakuwa mpya mpaka lini? Bila mtunzaji, mfumo wa leo ni kweche la mwaka 2032. Wanaopenda kununua vipya hupenda mikataba, semina na posho. Kutunza hakuna posho, ndiyo maana hakuna watetezi. Na wafadhili nao nisiwaache. Mnaotuletea mashine na kuondoka kabla rangi haijakauka, mnajua vyema kwamba gharama ya kitu si bei ya siku ya kwanza. Kama fedha za miaka mitano ya utunzaji hazimo katika andiko la mradi, hamkutupa zawadi. Mmetupa deni.

Baada ya kuyasema hayo yote, lawama kubwa naiacha nyumbani kwetu, maana chama ni chetu na akiba ni zetu. Tangu mwaka 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Seva isiyosasishwa inalinda nini? Tunamdai mkulima alipe kwa tarehe, tukimtoza faini akichelewa hata juma moja, na sisi wenyewe tumechelewa miaka minane bila kujitoza hata senti.

Ninachodai ni vitu vichache, na havihitaji digrii. Kila mfumo uwe na mtu mmoja mwenye jina, ambaye ndiye mwenye dhima ya kuutunza. Tarehe za mwisho za kila kilichomo ndani yake zibandikwe ukutani, mahali ambapo bodi itaziona. Fungu la utunzaji liandikwe katika bajeti juu ya fungu la chai. Nakala za akiba zijaribiwe kwa kurudishwa kweli kweli, kwa kuwa nakala isiyowahi kurudishwa ni matumaini tu. Na kila badiliko lijaribiwe kwanza pembeni kwa jina la mwanachama aliye dhaifu kuliko wote: asiye na simu, asiye na anwani, mwenye jina moja tu. Akipita huyo, meneja atapita.

Katika mkutano mkuu uliofuata nilisimama nikayasema haya. Mzee mmoja wa bodi akanijibu, kwa upole, kwamba kinachofanya kazi hakiguswi. Nikamwomba karani wa Biharamulo afungue kitabu chake cha kaboni na kusoma majina thelathini na moja. Alisoma polepole. Wengine walikuwamo ukumbini, wakawa wanaitikia wakitajwa. Fungu likapita. Ni dogo, lakini lipo.

Bibi alipata mkopo wake, ila majuma mawili baada ya wenzake. Maharage yake yalitangulia kuota wakati ya jirani zake yalikwisha kutoa maua. La, nisema kweli: hayakutangulia lolote, yalichelewa, na mavuno yakawa haba. Hasara hiyo hakuna kifurushi cha kuirudisha. Mimi nimeandika juu ya meza yangu, kwa wino mwekundu, mwaka 2029. Ndio mwisho wa AlmaLinux 8. Nakusudia kuanza kugusa mapema.